Kiti Kimoja cha Kurudi Ujiji

Hapo zamani, na msinikodolee macho, maana zamani yenyewe si ile ya wanyama kusema. Ni juzi tu, zamani ya watu wenye simu mkononi na majuto moyoni. Alikuwako mama mmoja wa Ujiji, Bi Hidaya, na binti zake watatu. Kaeni vizuri. Hadithi hii haina sungura wala haina kicheko, na mwisho wake nitawatupia nyinyi, kwa sababu mimi umenishinda.

Mkubwa aliitwa Mwavita. Wa kati aliitwa Feza. Wa mwisho aliitwa Tatu.

Bi Hidaya alipigwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili ukafa na ulimi ukapinda. Tangu siku hiyo alisema kama mtu mwenye uji mdomoni. Majirani hawakumwelewa. Daktari hakumwelewa. Hata mdogo wake, Bi Kashindi, aliyelala naye kitanda kimoja utotoni, hakumwelewa. Aliyemwelewa ni Mwavita peke yake. Miaka mitatu Mwavita alimgeuza mama yake, akamwogesha, akamlisha kwa kijiko, na kila alilosema mama alilitoa yeye kwa watu. Mume wake alimwambia achague, na Mwavita akachagua. Mume akaenda zake.

Feza alikuwa muuguzi huko Mwanza, wodi ya wagonjwa mahututi. Mikono yake ilikuwa na sifa. Mshipa ambao wenzake wameutafuta mpaka wakachoka, yeye aliupata kwa ncha ya kidole, na wagonjwa waliokwisha kuliliwa na ndugu zao walifumbua macho mbele yake. Lakini nyumbani Ujiji alifika mara mbili kwa mwaka, na jambo hilo lilimchoma, ingawa hakumwambia mtu.

Tatu ndiye aliyekuwa na mzigo mzito, na hauonekani kwa macho. Aliolewa na mwanamume aliyekataliwa na mama, akaondoka bila kuaga. Mama, wakati huo ulimi wake mzima, alisimama mlangoni akasema, "Nenda. Lakini radhi yangu umeiacha humu ndani." Miaka sita ikapita. Mimba mbili za Tatu zikaharibika, na kila ilipoharibika moja alijua, au alidhani anajua, kwa nini.

Basi Feza alikuja likizo. Siku ya kwanza tu alimkuta dada yake jikoni amelala wima, mwiko mkononi, mboga inaungua. Feza akaona aibu kubwa. Akamwita Tatu kutoka Kasulu, akamwomba Bi Kashindi abaki na mgonjwa siku tano, akapanga safari. Wangekwenda kisiwani, kule kwenye vibanda vya wageni. Halafu wangepanda ile ndege inayotua majini, iwapeleke mbali kusini mwa ziwa kwenye hifadhi ya sokwe, ambako hakuna barabara, hakuna mtandao, hakuna wa kumwita Mwavita usiku wala mchana.

Wakaenda kumuaga mama. Bi Hidaya alimtazama Mwavita, akasema maneno yake marefu yaliyovurugika, na mkono wake mzima ukashika khanga ya binti yake.

"Anasemaje?" Feza akauliza.

Mwavita alikawia kidogo. "Anasema twende. Anasema tukapumzike."

Wakaenda.

Kisiwani walikaa siku mbili. Walikula samaki waitwao migebuka, wa kuchoma, Tatu akacheka kwa mara ya kwanza, Mwavita akakaa anatazama maji bila kazi yoyote mikononi, na mikono yenyewe haikujua iwekwe wapi. Siku ya tatu ndege ikaja, miguu yake miwili mirefu kama mitumbwi, ikawachukua mpaka hifadhini. Walitua saa sita mchana mbele ya msitu mweusi unaopanda mlima mpaka mawinguni. Rubani alisema atapumzika, ataondoka saa kumi, na kuwarudia keshokutwa.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo penyewe.

Saa tisa alasiri askari mmoja wa hifadhi, mtu mpole aitwaye Ntahondi, alimjia Feza. Tatu alikuwa ufukweni anafua. Mwavita alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, mdomo wazi, usingizi wa mchana wa kwanza tangu mama augue. Ntahondi alisema amepokea ujumbe kwa redio ya upepo. Bi Kashindi amepiga simu kisiwani, na kisiwani wameuleta huku: mama hali chakula tangu jana.

Feza akatazama majini. Ndege ilikuwa pale pale, imefungwa kamba, viti vyote vitupu. Akamtazama dada yake. Akapima kama muuguzi anavyopima. Mgonjwa wa miaka mitatu kususa chakula siku moja, amewaona mamia. Akimwamsha Mwavita sasa, hatalala tena mpaka siku ya kufa kwake.

Akamwambia Ntahondi, "Ahsante, kaka. Nitawaambia mwenyewe."

Akanyamaza. Saa kumi ndege ikaruka, na Feza akausikiliza mlio wake mpaka ukaisha nyuma ya mlima. Jioni ile alikula vizuri. Hilo ndilo linalomtesa mpaka leo, kwamba alikula vizuri.

Kesho yake saa mbili asubuhi Ntahondi alikuja tena, na safari hii hakumtafuta Feza. Aliwasimamia wote watatu mbele ya chai yao. "Dada zangu, mama yenu amezidiwa. Wanasema pumzi zinahesabika. Mkiweza, mfike leo."

Boti ya kwenda Kigoma haikuwapo mpaka kesho, nayo huchukua mchana kutwa na usiku kucha. Lakini Mungu humpa kilema fimbo yake, au ndivyo walivyodhani. Asubuhi ile askari mmoja alikuwa ameanguka gengeni akavunjika nyonga, na ndege ilikuwa njiani kumfuata. Saa nne ikatua. Wakaingiza machela, wakakunja viti kuipisha, kikabaki kiti kimoja.

Rubani alikuwa mtu wa maneno machache. Alilitazama ziwa, upepo wa kusini umeanza kulikunja. Akasema, "Mtu mmoja. Wawili siwezi kuinuka nao. Na mawimbi yakifika kwenye lile jiwe la ufukweni naondoka, awe amepanda mtu au hajapanda. Waliobaki nitawafuata kesho alfajiri."

Mtu mmoja. Saa moja angani, na huyo mmoja angemkuta mama hai.

Feza alikuwa wa kwanza kusema. Mkoba wake wa dawa ulikuwa begani tayari. Alisema yeye ndiye apande, kwa sababu wao wakienda watakwenda kulia tu, yeye atakwenda kufanya kazi. Mtu asiyekula wala kunywa siku mbili huenda anakufa kwa kukauka, na maji ya mshipani yanaweza kumrudisha. "Nikimshika mpaka kesho," alisema, "mtamkuta hai nyote wawili. Nani mwingine hapa anaweza kusema hivyo?"

Hakuna aliyeweza. Mwavita akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka. Feza akakanyaga mguu wa ndege. Hapo Ntahondi, maskini, hakujua analolitenda, akamshika mkono kumsaidia kupanda, akasema kwa huruma, "Pole, dada. Ule ujumbe wa jana ulikuwa na nafuu kidogo. Alikuwa hali chakula tu."

Tatu akauliza, ujumbe gani wa jana?

Mficha uchi hazai, naye Feza hakuwa na pa kujificha. Akasema yote. Saa tisa. Ndege ipo. Viti vitupu. Alipomaliza, Tatu alimtazama kama mtu asiyemjua. Mwavita hakupiga kelele. Alimvuta tu mdogo wake chini kwa ukanda wa mkoba, polepole, mpaka Feza akawa amesimama majini.

"Nitakwenda mimi," alisema Mwavita. "Miaka mitatu mama akisema, nani alimsikia? Kama ana neno la mwisho, litaanguka sakafuni tu kama sipo. Bi Kashindi atasikia mlio. Wewe Feza utasikia mlio. Mimi nitasikia neno."

Na hilo nalo lilikuwa kweli. Feza alijua ni kweli. Alitamani akasirike na hakuwa na haki ya kukasirika, akabaki na baridi ya maji miguuni.

Lakini Tatu alimshika dada yake mkubwa khanga. Alisema yeye hataki neno la mwisho, anataka neno moja tu, na kila mtu analijua. Mama akifa kabla ya kumpa radhi, yeye atazikwa akiwa hai. Mwavita amepata miaka mitatu ya mama. Feza amepata baraka za mama kila sikukuu. Yeye amepata nini?

Feza, kwa uchungu wa kuvuliwa nguo mbele ya watu, akamjibu kwa ukali kwamba Tatu alilala Ujiji siku tatu kabla ya safari, chumba cha pili na mama. Kwa nini hakuomba?

Tatu akainamisha kichwa. Alisema alifika mlangoni mara nne. Kila mara aliogopa kwamba mama atakataa, na akikataa basi imekwisha. Akajiambia, nikirudi nitamwomba.

Mwavita akalainika. Akamwambia mdogo wake asilie, yeye atakwenda na kumwombea. Atapiga magoti badala yake, atapokea radhi, na kesho atamletea kama alivyoipokea, neno kwa neno, kama alivyofanya siku zote.

Aliposema "kama nilivyofanya siku zote", sauti ilimkatika.

Feza aliliona. Wauguzi huona uso unapobadilika. Akauliza, "Dada. Siku ile ya kuaga, mama alisemaje?"

Upepo ulikuwa unavuma sasa. Rubani alikuwa amekwisha kufungua kamba moja.

"Alisema usiende," Mwavita akajibu. "Alisema, Mwavita, wiki hii usiniache, najisikia vibaya. Na mimi nilikuwa nimechoka, jamani. Nilikuwa nimechoka." Alisema hivyo mara mbili, kwa sauti ndogo, kama anamwomba mtu asiyekuwapo.

Hakuna aliyemlaumu. Nani angeanza? Lakini Tatu alirudi nyuma hatua moja, na alilolisema ndilo lililowamaliza wote.

"Basi hata ukiniletea radhi, dada, nitajuaje kama ni ya mama au ni yako?"

Mwavita akaketi pale pale kwenye mchanga. Feza akamwona dada yake, mwanamke aliyebeba mwili wa mtu mzima miaka mitatu, ameshindwa kubeba swali. Akamhurumia, na kumhurumia huko kulimuuma zaidi kwa kuwa wao wawili walikuwa wametenda kosa la namna moja, kila mmoja ameficha maneno kwa sababu ya usingizi ule ule.

Basi wakaanza kupeana kile walichokuwa wakinyang'anyana. Mwavita alisema, Tatu nenda. Feza alisema, Tatu nenda. Wakamsukuma mpaka majini, akapanda mguu wa ndege, akashika mlango. Mgonjwa ndani alikuwa anaguna kwa maumivu. Hapo Tatu aligeuka.

"Akinipa, nitamwelewaje?" akauliza. "Atasema, nami sitajua kama ni radhi au ni laana." Kisha akamtazama Feza, uso umelowa. "Da Feza, niambie kweli. Ukienda wewe, utamshika mpaka kesho? Tufike sote?"

Feza alifumbua kinywa. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amewaambia ndugu za wagonjwa ndiyo. Lakini uongo ulikuwa umejaa vya kutosha ufukweni pale.

"Naweza kujaribu," alisema. "Siwezi kukuahidi."

Tatu akasimama hivyo, mguu mmoja kwenye ndege na mwingine hewani, anawatazama dada zake wamwambie la kufanya. Hawakumwambia. Wimbi likaja, likapiga jiwe. Ndege ikayumba, mgonjwa akalia, Tatu akateleza akaangukia majini, maji ya kiunoni. Rubani alivuta mlango, akawasha injini, akaondoka.

Kiti kikaruka kitupu.

Walisimama ufukweni wote watatu mpaka mlio ukaisha. Bi Hidaya alikata roho magharibi ya siku ile. Bi Kashindi alikuwa amemshika mkono, na baadaye aliwaambia kwamba dada yake alisema sana tangu alasiri, alisema na kusema, naye alimjibu ndiyo tu, ndiyo dada, kwa sababu hakuwa anaelewa hata neno moja. Majirani wakachelewesha mazishi. Binti zake walifika kesho yake saa tatu asubuhi, wakamwosha wao wenyewe. Mwavita alishika kichwa, Feza alimimina maji, Tatu aliosha miguu. Mpaka sanda ilipofungwa hakuna aliyemsemesha mwenzake, na niliyoyapata mimi ni kwamba mpaka leo wanaamkiana tu.

Haya. Mimi nimefika nilipofika. Msinijibu kosa ni la nani, maana hilo hata mtoto ataligawa vipande vitatu na bado litabaki. Nami sitaki mniambie kwamba ni kudra, kudra naijua. Turudini ufukweni saa nne ile, ndege ipo, mawimbi bado hayajafika kwenye jiwe, na mama bado anapumua. Yuko anayeweza kumsikia, naye ndiye aliyemgeuzia maneno. Yuko anayeweza kumrefushia siku, naye ndiye aliyewanyima siku. Na yuko asiyeweza kumsaidia wala kumwelewa, ambaye hana haja nyingine duniani ila radhi yake.

Kiti ni kimoja na rubani anangoja. Je, nani alistahili kukikalia?