Funda la Bi Rabab

Wametusimulia waliotutangulia kwamba zamani palikuwa na nchi mbili jirani zilizopigana miaka saba kwa ajili ya bonde moja la malisho. Upande huu akitawala Amiri Qutba, upande ule Amiri Sahban. Vita vilipowachosha wakaridhiana kumtuma msuluhishi mmoja, Bi Rabab, mjane mchamungu. Mama huyu, Mungu amrehemu, alikuwa na wana wawili, na vita vilimkuta mmoja kaoa huku, mwingine kaoa kule. Kila mmoja akashikishwa mkuki wa nchi aliyomo. Hebu pima moyo wa mama hapo.

Ada yao ilikuwa hivi: msuluhishi haonji kitu katika kambi yoyote, hata maji, mpaka mkataba utiwe mihuri yote miwili. Akionja, amekuwa mtu wa upande huo, na neno lake halisikilizwi tena. Bi Rabab akaenda na kurudi siku tatu, akinywa maji ya kiriba chake njiani. Siku ya tatu, alhamdulillahi, Qutba akatia muhuri! Ukabaki wa Sahban, na muda wa kusitisha vita ulikuwa unakwisha alasiri ile ile.

Adhuhuri ikamkuta bado kambini kwa Qutba. Akatawadha kwa maji ya pale. Jua kali, koo limemkauka. Akasukutua, na badala ya kutema akameza. Funda moja tu, ndugu zangu, wala hakuna aliyeona. Akaswali huku analia.

Alipofika kwa Sahban, majeshi yamekwisha jipanga, watu roho juu. Amiri kashika muhuri, akamwuliza swali la ada.

"Mama, hukuonja kitu kwao?"

Sema hapana, Bi Rabab, wanao wapone. Mimi ningesema, siwafichi. Yeye akajibu:

"Nimeonja, mwanangu. Nilikuwa nasukutua, nikameza."

Kambi ikachafuka. Ngao zikanyanyuliwa, wengine wakasema si tulijua, huyu ni wao. Sahban akanyoosha mkono wakanyamaza.

"Nani alikuona?"

"Hakuna mtu. Lakini nilikuwa najitayarisha kusimama mbele ya Mola wangu."

Amiri akauweka muhuri chini. "Siku tatu hizi nakusikiliza kwa sikio moja, Mama, kwa kuwa una mtoto kule. Kila sharti nililitilia shaka, na muhuri huu niliushika kwa kukuonea haya tu. Sasa nitakusikiliza kwa yote mawili: nisomee tena, tangu mwanzo."

Akamsomea sharti moja moja. Lilipokwisha sharti la mwisho, muhuri ukagongwa, takbiri zikapaa bonde zima. Amiri akaagiza maji, akampa bakuli kwa mkono wake.

"Kwao umekunywa funda moja. Kunywa na kwetu moja, tuwe sawa."

Bi Rabab akamaliza bakuli zima, na jioni ile wanawe wawili wakala sinia moja.

Enyi waumini, sisi tukipatanisha watu huanza kwa kuficha yetu. Mwenyezi Mungu atujaalie kusema kweli hata pale tunapoogopa kwamba itatuharibia kheri.