Kaniki Juu ya Sanduku la Kura

Kisa, kisa!

Kije, tukipokee!

Kimetoka wapi?

Kimetoka mbali!

Basi sogeeni, na mikono isilale. Karanga hizi ni za mbegu, Mbwana, ukila moja nitaisikia ikilia tumboni mwako.

Kale, kale ya kale, wakati fisi walikuwa bado wanapiga hodi kabla ya kukatiza uani kwa mtu, palikuwa na jimbo likiitwa Lukwale. Msilitafute kwenye ramani, halimo. Msimuulize mwalimu, atawaambia halijawahi kuwapo. Lakini lilikuwapo. Lilikuwa na mbunge wake, na jina lake likisomwa redioni watu wote walinyamaza, hata wenye kikohozi walikimeza kwanza.

Jimbo lenyewe lilikuwa la mto. Huku Mtondo, kule Kiwambo, katikati mto. Kiangazi mto Lukwale ulikuwa mpole, mtumbwi unakwenda na kurudi kama mtu anayefagia. Masika ulisema vuu! vuu! Aliye huku akabaki huku, aliye kule akabaki kule, mpaka mvua zichoke zenyewe.

Sasa, Mtondo aliishi mjane mmoja, Binti Ngalambe. Mkulima hodari wa mpunga, mwenye mkono wa kutoa. Lakini shaka! Jamani, shaka ya mama yule! Akinunua chumvi, anaonja. Akiamkiwa na mgeni, anaitikia marahaba, kisha anageuka kumtazama mgongo. Ukimpelekea kisamvu atakuuliza kimechumwa shamba gani, na nani, na huyo mchumaji alikuwa anaongea nini wakati anachuma. Watu walimcheka. Lakini jambo likiwa na utata walikuwa wakisema, "Mwiteni Binti Ngalambe aliangalie." Naye anakuja, anaangalia, anaangalia tena.

Mama yule alikuwa na mtoto mmoja tu, Somoe, aliyeolewa Kiwambo. Kila masika mama alisimama kivukoni akapiga kelele, "Somoeee! Hujambo?" Na mto unajibu vuu, vuu, hata kama Somoe naye anaitikia. Ndiyo maana kitu alichokitaka Binti Ngalambe duniani kilikuwa kimoja. Daraja. Alikuwa akilala analiona, akiamka analikuta halipo.

Ukaja uchaguzi. Wakasimama mabwana wawili. Wa kwanza Bwana Matimbwa, mtu wa Mtondo, akapewa alama ya jembe. Wa pili Bwana Kitundu, mtu wa Kiwambo, akapewa alama ya nyumba. Bwana Matimbwa alisema, "Nipelekeni mimi, nitaomba daraja mpaka wanichoke." Bwana Kitundu alisema, "Nipelekeni mimi, nitaleta mahakama, mshitakiane karibu na nyumbani."

Mnacheka? Wao hawakucheka. Shaka iliingia Lukwale yote, si kwa Binti Ngalambe peke yake. Mtondo walinong'ona, "Hiyo nyumba ina jambo. Tukiipigia kura tutahamishwa, tukajengewe nyumba za mstari." Kiwambo walinong'ona, "Hilo jembe lina jambo. Tukilipigia kura tutalimishwa pamba kwa lazima." Huku Mtondo, kule Kiwambo, katikati mto, na maneno yanavuka bila mtumbwi.

Siku ya kura watu wa Mtondo walikuja alfajiri wamevaa za Idi. Sanduku la bati lilikuwa juu ya meza, na mlinzi wake alikuwa msimamizi kutoka mbali, Bwana Chilewa, kijana mwenye soksi ndefu mpaka magotini. Binti Ngalambe akazitazama zile soksi. Akazitazama tena.

"Baba, huko miguuni umeficha nini?"

"Miguu, mama."

"Haya. Tutaona."

Akapiga kura yake, jembe, akaiangalia inavyodondoka ndani. Halafu akakaa chini mbele ya meza, akaliangalia sanduku mpaka jua likageuka. Alasiri Bwana Chilewa akalifunga kwa kufuli na lakiri nyekundu, akasema, "Sasa linakwenda bomani kuhesabiwa."

Na boma lilikuwa upande gani?

Upande wa Kiwambo!

Ehee, mnasikiliza. Kule kule kwa watu wa nyumba. Na mpiga kasia alikuwa mmoja tu, Mpendu, mtu wa Kiwambo. Mawingu yalikuwa yameshajikusanya mlimani. Watu wote wakateremka na sanduku mpaka kivukoni, na Mpendu huyo, amesimama ndani ya mtumbwi wake, anacheka meno yote. Na amevaa shati jipya. Jeupe! Lina mifuko miwili na vifungo vya kung'aa.

Mpendu, watoto, hakuwahi kuonekana na shati. Alikuwa mtu wa kifua wazi, kiangazi na masika.

Binti Ngalambe akaangalia. Akaangalia tena. Moyo wake ukasema, hapa ndipo penyewe.

"Mpendu, mwanangu."

"Naam, mama."

"Shati zuri."

"Ahsante, mama."

"Nani kakupa?"

Mpendu akatazama kasia lake. "Nimekatazwa kusema."

Watu wakaguna, mmh!

"Umekatazwa na nani?"

"Na mtu wa Kiwambo. Ukivuka utajua mwenyewe. Kwa nini usivuke leo leo, mama? Nafasi ipo."

"Kumbe mnataka na mimi nivuke! Nivuke nizamishwe pamoja na sanduku?"

"Mama, nani azamishwe? Mimi nimeambiwa nikuchukue bure, ukitaka leo, ukitaka kesho."

"Bure!" mzee mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Mpendu huyu huyu anayedai nauli hata kwa maiti! Shati jipya, halafu bure!"

Wakacheka, lakini kile kicheko hakikuwa kizuri. Mpendu akanuna. Bwana Chilewa akasema, "Jamani, mto unapanda, tupakieni." Na kwa Binti Ngalambe hata haraka ile ilikuwa na jambo.

Sasa nisikilizeni. Lukwale walikuwa na mila yao. Kitu kikiwa na shaka, uwe mzinga wa asali unaogombewa na ndugu, awe mbuzi asiyejulikana ni wa nani, mjane anavua kaniki yake ya juu, anakifunika. Kikishafunikwa na kaniki ya mjane hakiguswi. Hata mwizi hakigusi. Kitakaa hapo hapo mpaka watu wa pande zote mbili wale sahani moja na kusema ukweli wote, ndipo mjane akaifunua kwa mkono wake. Mila nzuri, iliokoa vichwa vingi.

Binti Ngalambe akavua kaniki yake ya juu. Akaitandaza juu ya sanduku la serikali. Akakaa pembeni yake.

Mpendu akashuka mtumbwini, akarudi nyuma.

"Mama," akasema Bwana Chilewa, "hili ni sanduku la kura. Halifunikwi nguo."

"Limefunikwa."

"Nitalifunua."

"Lifunue."

Akanyoosha mkono. Akawatazama watu. Akaurudisha mkono. "Mama yangu, nakuomba. Sheria inasema sanduku moja likikosekana, hesabu ya jimbo zima haitangazwi. Mnanielewa? Mtakosa mbunge."

"Waje wa Kiwambo tule nao sahani moja, waseme nani katoa shati. Nitafunua hapo hapo."

"Mpendu," akasema msimamizi, "wewe sema basi!"

Mpendu alitokwa na jasho mpaka shati likamganda. "Siwezi, bwana. Jambo lenyewe si la kusemwa hadharani mbele ya wanaume. Avuke tu."

"Mmemsikia?" akasema Binti Ngalambe. "Si la kusemwa hadharani!"

Tone la kwanza la mvua likaanguka. Bwana Chilewa akavua viatu, akavua na zile soksi ndefu, na ndani mlikuwa na miguu tu. Akaingia mtumbwini kwenda kuita askari. Mto ukawavusha yeye na Mpendu kwa taabu, kisha ukafunga njia. Vuu! Vuu!

Askari hawakuja. Wangepitia wapi?

Watu wa Mtondo walilijengea sanduku kibanda. Walilinda kwa zamu, na Binti Ngalambe hakuwa na zamu, yeye alikuwapo siku zote. Kukinyesha anatandika mkeka juu ya kaniki. Akisikia panya anaita watu. Wakampigia vigelegele: kura ya Mtondo haikuibiwa! Na kweli, haikuibiwa. Ila jioni alikuwa akitazama ng'ambo, anaona watu wadogo kama siafu, hajui yupi ni Somoe. Moyo ukamwambia, wameshamgeuza hata mwanangu.

Mvua zikachoka. Mto ukashuka. Akaja Bwana Chilewa, bila soksi safari hii. Binti Ngalambe akasimama mbele ya kibanda. "Mmekuja kulichukua?"

"Hapana, mama. Kaa nalo tu. Halihitajiki tena."

Akawaeleza. Uchaguzi ulifutwa. Wakubwa wamesema jimbo lenyewe ni dogo na watu wake hawaaminiani, basi ligawanywe. Mtondo itaingia jimbo la kaskazini, Kiwambo itaingia jimbo la kusini. Na mpaka?

"Mpaka ni mto."

Mzee yule aliyelicheka shati akauliza, "Na daraja?"

"La nani, mzee?" akasema Bwana Chilewa polepole. "Mto sasa ni mwisho wa jimbo hili na mwisho wa jimbo lile. Mbunge gani atajenga daraja la kwenda kwa wapiga kura wa mwenzake?"

Hivyo ndivyo Lukwale ilivyokufa, watoto wangu. Haikupigwa, haikuungua. Ilikatwa katikati kama boga.

Binti Ngalambe aliliacha sanduku pale pale kibandani. Aliteremka mpaka kivukoni, na Mpendu alikuwa pale, shati limeshachanika bega. Akampakia. Hakumdai nauli.

Kufika ng'ambo akamkuta Somoe amekaa kwenye jamvi, na kifuani ana mtoto wa kike, anamkodolea macho bibi yake.

Mama akasimama mlangoni. "Huyu ni nani?"

"Mjukuu wako, mama. Alizaliwa mvua zikiwa kali."

"Mbona hukuniambia?"

"Mama! Mimba ya kwanza inatangazwa? Wewe ndiye uliyenifundisha isitajwe mbele ya watu. Nilimshonea Mpendu shati, nikamwambia amvushe mama yangu bure, na asimwambie mtu kwa nini. Nikakungoja. Nilizaa nikikuita, mama, kelele zangu hukuzisikia?"

Vuu, vuu, ndivyo alivyosikia. Ingekuwa siku nyingine, akaambiwa kuna jambo lisilosemwa mbele ya wanaume na binti yake ameolewa ng'ambo, bado hajazaa, angeelewa pale pale na kupiga vigelegele. Lakini siku ile macho yake yalikuwa yanatafuta mwizi tu.

Akakaa chini. Akampokea mtoto. Akauliza jambo la mwisho, kwa sauti ya chini.

"Na kura? Nyie huku mlipiga nyumba?"

Somoe akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nyumba ya nini, mama? Minong'ono tuliisikia, lakini karibu Kiwambo nzima tulipiga jembe. Na sisi tuna mama zetu ng'ambo. Tulitaka daraja."

Binti Ngalambe alirudi Mtondo akaifunua kaniki kwa mkono wake mwenyewe. Wakavunja kufuli. Mchwa walikuwa wameshakula kura zote, umebaki udongo, na vipande viwili vitatu vya karatasi. Kipande kimoja kilikuwa na picha ya jembe, mpini umeliwa.

Sanduku lile hakulitupa. Aliliweka uani, kuku wakawa wanatagia humo. Na kila aliyefika na neno la kunong'ona, "Binti Ngalambe, fulani ana jambo," alimwonyesha kwanza kuku, kisha akamwambia, "Umemuuliza? Kamuulize mwenyewe, faraghani, mpaka akujibu. Mimi kaniki sina tena."

Alikuwa nayo. Alimbebea mjukuu wake.

Basi na nyinyi muwe na macho, sijasema msiwe nayo. Chunguzeni chumvi, chunguzeni soksi. Lakini ukimshuku mwenzako, mvute pembeni umuulize, na kama jibu liko ng'ambo, vuka ukalifuate. Ukifunika kabla ya kuuliza, umejiibia mwenyewe.

Kisa nimekitua hapa, kizito hiki, kimenichosha bega.

Mwenye bega akibebe!

Atakayekipunguza?

Mto umvushe!

Haya, leteni hizo karanga tuzione. Mbwana, fungua mdomo.