Tone la Mama Tope

Paukwa!

Pakawa!

Mbona watu wazima kimya? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Mbeyu, nyoosha huo mguu uliochomwa mwiba, usikilize.

Hapo zamani za kale palikuwa na kichuguu cha mchwa. Juu vyumba, chini vyumba, chini kabisa chumba cha mayai. Giza tupu! Askari wao hawakuwa na macho. Walikwenda kwa harufu.

Siku moja siafu wakatoboa ukuta. Kwaru, kwaru! Wanataka mayai.

Mama Tope, fundi wa kuziba kuta, alikuwa hapo hapo. Akatoa tone la harufu. Pwa! Penye tundu harufu kali, mbali harufu hafifu. Askari wakanusa.

"Inazidi! Inazidi! Twende huku!"

Mkuu wao, Bwana Meno, akafoka, "Tone moja, mama? Hii vita, siyo kuonja mchuzi! Mafundi, pakeni harufu kila ukuta, tuje upesi!"

"Mwanangu, ikiwa kali kote, mtajuaje ni wapi?"

"Wewe ziba tundu. Vita niachie mimi."

Wakapaka. Juu wakapaka, chini wakapaka. Askari wakaja mbio, wakazunguka, wakazunguka tena.

"Ni hapa!"

"Wapi! Ni hapa!"

Nga!

"Aaa! Unaning'ata mimi!"

"Samahani, shemeji!"

Njia zikajaa. Kichuguu kikafura, kikawa moto. Siafu wakapita pembeni, tapu tapu tapu, wakicheka. Wakafika mlango wa mayai.

Mama Tope akapiga kelele, "Mafundi! Tope! Futeni!"

Paka, paka, paka. Harufu ikafa kote. Kisha akakimbia chini, mbele ya siafu wenyewe, akatoa tone moja tu. Pwa!

"Inazidi!" wakaita askari. "Inazidi! Inazidi!"

Nga! Nga! Nga! Siafu wakatimua mbio, na tundu likazibwa. Hata yai moja halikupotea.

Lakini Bwana Meno alikuwa bado anang'ata. Nga! "Adui yuko wapi?"

"Ameondoka, mwanangu. Huo ni mlango wetu."

Mama Tope akachota tope, akalifuta hata lile tone la mwisho. Bwana Meno akanusa, akanusa tena. Hakuna harufu. Akafumba meno.

"Nisamehe, mama," akasema. "Kesho nifundishe kutoa tone dogo."

Basi, Mbeyu, kidole chako cha mguu kimevimba, kimekuwa moto. Ndani mna askari wadogo wasio na macho. Mwili unatoa dawa yake ya kuwaita, kali penye mwiba, hafifu mbali, nao wanaifuata. Kazi ikiisha, wito hufutwa, na uvimbe hunywea.

Funzo ni hili: ukiita msaada, onyesha mahali. Na shida ikiisha, sema imeisha.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami nimeshaifuta kwa tope.