Zimwi Lisiloufikia Mgongo Wake

Paukwa!
Pakawa!
Kinu?
Cha ufuta!
Na mchi?
Mkononi mwa bibi!

Hapo kale palikuwa na zimwi. Ngozi yake ilikuwa imepasuka kama tope la bwawa lililokauka. Likawa linakula watu wenye ngozi laini, likidhani ulaini wao utahamia kwake.

Siku moja likamkuta Bi Mwanaheri uani, anatwanga ufuta. Wajukuu alikuwa nao, lakini mashavu yake yaling'aa.

"Bibi, leo nakula wewe."

"Umekwisha kula wangapi?"

"Hawana idadi."

"Na umelainika?"

Zimwi likaitazama mikono yake. Ilikuwa imepasuka vilevile.

"Ulaini hauko nyamani, baba. Kaa hapo."

Basi, akautia maji ya moto ule ufuta, mafuta yakaelea, akayaengua. Akaliambia likaoge kwanza, kisha lijipake kabla ngozi haijakauka. Likawa linafanya hivyo kila jioni, palepale uani.

Likapaka mikono, ikalainika. Likapaka miguu, ikalainika. Likapaka tumbo, likalainika.

Siku moja likacheka. "Siri nimeijua! Sasa nakula wewe, na mafuta nabeba."

"Haya. Na mgongo?"

Zimwi likapeleka mkono wa kulia nyuma. Haukufika. Likapeleka wa kushoto. Haukufika. Likajisugua ukutani, likapata vumbi na maumivu.

"Ukinila, mgongo atakupaka nani?"

"Na wewe hupakwa na nani?"

"Mume wangu Shekue. Kila jioni, tangu aliponioa."

Mara Shekue akaingia na ndoo ya maji. "Mgeni hajaondoka tu?"

Zimwi likainamisha kichwa. "Nina mke. Nilimwacha pangoni. Niliiona ngozi yake mbaya."

"Kuliko yako?" akauliza Bi Mwanaheri.

"Sawasawa na yangu."

"Basi unangoja nini hapa?"

Akalijazia kibuyu mafuta. Zimwi likashika njia ya pangoni, na tangu siku ile halikula mtu tena.

Bi Mwanaheri na Shekue walizeeka, kama watu wote. Ngozi zao zilikunjamana polepole, hazikupasuka.

Hadithi yangu imeishia hapo, wajukuu. Mafuta ya mimea hayaondoi uzee. Huuchelewesha, kwa anayejipaka kila siku. Na mwenye mtu wa kumpaka mgongo, amshukuru leo.