Buni ya Bibi Kokugonza

"Buni ya mwenyeji hutafunwa, haitiwi mfukoni." Ndivyo alivyosema mama yenu mchana huu, pale huyu Shomari alipopakuliwa sahani kwa jirani akajibu, "Niwekeeni, nitakula baadaye." Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza buni imeingiaje kwenye sahani ya wali. Kaeni basi, mwache kusukumana. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mzee wa Pangani, Mwinjuma, kazi yake kuuza kahawa. Kila alasiri alizunguka na birika lake la moto, vijikombe vikilia mkononi, na watu wa barazani walimjua kwa mlio kabla hawajamwona. Jambo moja lilimtia kiburi: hapakuwa na mtu wa kumfundisha kahawa. Binti yake, Tausi, alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ualimu huko Bukoba, mbali kweli, upande wa pili wa nchi.

Mwinjuma hakukubali mwanawe asafiri peke yake kama kifurushi. Alimsindikiza mwenyewe. Walipofika, mwanafunzi mmoja akawatembeza chuoni: maktaba, madarasa, uwanja wa mpira, mpaka kwenye bwalo la chakula. Humo waliletewa senene wa kukaanga. Tausi alionja, akaongeza. Mwinjuma aliwatazama wale wadudu, akaona nao wanamtazama, akasema amefunga. Haikuwa siku ya kufunga, na Tausi alijua.

Chuo kilimpendeza, ila mabweni ya wasichana yalikuwa yamejaa. Tausi apate nyumba ya kukaa karibu, ama arudi Pangani akaange vitumbua na mama yake. Kila waliyemuuliza alitaja nyumba moja: kwa Bibi Kokugonza, mjane anayeishi nyuma ya chuo, anayelea wanafunzi kama wajukuu zake. Lakini hapokei kila mtu, wakaonywa.

Bibi aliwakaribisha vizuri. Alitandika jani la mgomba mkekani, akapakua ndizi zilizopikwa na maharage, zikifuka mvuke, wakala wote kwenye jani moja. Ile funga ya Mwinjuma ikaishia hapo. Alikula akashiba, akasema moyoni, hapa mwanangu atakaa.

Kisha Bibi akaleta kikapu kidogo chenye kifuniko, akakifungua mbele yake kwa adabu. Ndani mlikuwa na buni kavu, kahawa ambayo haijakaangwa, bado ina maganda yake. Mwinjuma akainusa, uso ukamchangamka.

"Mashallah! Hii naijua mimi," akasema. Akachota, akatia kwenye mfuko wa kanzu, akashukuru sana.

Bibi Kokugonza akafunika kikapu. Hakugomba wala hakununa. Alisema tu kwamba kile chumba hana hakika nacho, watafute na kwingine. Akawasindikiza mpaka mlangoni.

Nje, Tausi alikaa juu ya sanduku lake, machozi yakamtoka. "Baba, tumemkosea nini?"

Mwinjuma hakujua. Kiburi kilimwambia twende zetu, nyumba ni nyingi. Lakini alimtazama mwanawe, akavua kofia, akarudi kupiga hodi.

"Mama, mgeni ni kipofu japo ana macho. Nimekosa wapi?"

Bibi alimkazia macho. "Waitu, mwenzetu, kweli hujui?"

"Wallahi sijui."

"Buni ile kwetu hutafunwa. Mgeni anatafuna mbele yetu, nasi tunatafuna naye, tumeshakuwa ndugu. Wewe umeitia mfukoni. Ni kama umesema utatupenda ukishafika kwenu. Sasa nitamleaje binti wa mtu asiyetaka undugu nami?"

Mwinjuma akashika kichwa. "Lahaula! Mama, nimeuza kahawa tangu sijaota ndevu, sijapata kuona kahawa ya kutafuna! Nilitaka nikampe mama yake Tausi. Kwetu kizuri hakiliwi na mmoja, hupelekwa nyumbani wote wakaonja."

"Kumbe!" Bibi akasema, na uso wake ukalainika.

Mwinjuma akatoa ile buni mfukoni, imeshikana na nyuzi za kanzu na maganda ya karanga za safarini. Akaitupia mdomoni vivyo hivyo, akatafuna. Uchungu ukampanda mpaka masikioni, machozi yakamlenga, asiteme. Bibi akafungua kikapu, akatafuna naye. Mara akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashikilia mlango.

"Maganda hutemwa, mzee wangu!" Kisha akapaza sauti: "Wewe binti, wangoja nini juani? Ingiza sanduku!"

Hapo Mwinjuma alishusha pumzi aliyotoka nayo Pangani. Alicheka na machozi yakamtoka, wala hakujua kipi kilianza. Siku ya kuondoka Bibi alimfungia buni nyingine, ya mama Tausi. Hiyo, akamwambia, tia mfukoni.

Tangu siku hiyo, mtu wa barazani akikaribishwa kahawa akasema "kesho", Mwinjuma alimsimulia habari za Bukoba, na watu wakaushika usemi wake huu wa buni na mfuko. Maana anayekukaribisha hakupi chakula tu, anakupa na moyo wake, naye anangoja kuona utaufanyaje.

Ehe, Shomari, mbona umeinuka? Kwa jirani? Wali umeshapoa, mjukuu wangu. Kaule hivyo hivyo, mwenyewe akikuona. Buni ya mwenyeji hutafunwa, haitiwi mfukoni.