Kiboko Aliyetaka Lulu na Mkeka

"Naileta ngano!"
"Ilete, ikae na sisi!"
"Imetoka mbali, imechoka!"
"Tumeipisha, ipumzike!"
"Simu mmezima?"
Kimya.
"Nimeuliza, simu mmezima?"
"Tumezimaaa!"
Haya. Asiyezima shauri yake.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana simu zilikwishafika porini, palikuwa na fundi mmoja jina lake Nguchiro. Mdogo wa umbo, mrefu wa mkia, macho mekundu kwa kuchungulia vioo vilivyopasuka. Ufundi hakusomea popote. Alifungua simu moja ikafa, akafungua nyingine ikafa, iliyofuata ikapona, akawa fundi. Na sifa yake ilikuwa hiyo tu: hakumdanganya mteja. Simu iliyokufa alisema imekufa. "Kazike," alikuwa akisema, "usinisumbue."

Yeye mwenyewe alikuwa na kitochi, kile kisimu kidogo cha vitufe chenye tochi kichwani. Amekifunga kwa mpira kisifunguke mgongo.

Sasa porini kulikuwa na simu za aina mbili, Lulu na Mkeka. Zote zinapiga, zote zinapokea, zote zikianguka zinapasuka. Tofauti ilikuwa ule mfumo wa ndani, ile akili inayoiendesha simu. Lulu ilifungwa kama chaza: chaja yake peke yake, nyimbo zake peke yake, na kumrushia jirani picha mpaka jirani naye awe na Lulu. Mkeka umetandikwa wazi: kila mtu anakaa, kila mtu anapanga anavyotaka, na kila mdudu anapita.

Wapenzi wa Lulu waliongozwa na Korongo, ndege mwenye shingo ndefu, ambaye alijipiga picha mbele ya kioo kusudi simu ionekane. Wapenzi wa Mkeka waliongozwa na Ngiri, ambaye meno yake yako nje hata akinuna.

"Mtani, huo Mkeka wako umejaa matangazo!"
"Na hiyo Lulu yako haikubali hata chaja ya jirani!"
"Kamera yako inapiga picha za ukungu!"
"Ukungu ni sura yako, kamera haina kosa!"

Asubuhi hivyo. Mchana hivyo. Jioni hivyo hivyo. Na wote wanabishania mlangoni kwa fundi.

Nguchiro akachoka.

Basi kiangazi kikaingia. Mito ikakauka, vidimbwi vikakauka, likabaki bwawa moja chini ya kilima. Na katika bwawa hilo, chubwiii! akaingia Kiboko. Akatandaza tumbo kutoka ukingo hadi ukingo.

Wanyama wakaja na ndimi nje. "Bwana mkubwa, tunaomba maji."

Kiboko akapiga mwayo, hwaaa! "Nasikia mnabishana. Ipi bora, Lulu au Mkeka?"
"Lulu!"
"Mkeka!"
"Amueni kwanza. Watakaoshinda watakunywa. Watakaoshindwa watalamba tope. Mimi napenda haki."

Akazama, blu blu blu.

Wakarudi kubishana. Sasa wanabishana na koo kavu, sauti zinakwaruza kama mlango wa bati, lakini wanabishana. Kule shimoni kwa Nguchiro watoto wamelala chali. Yule mdogo analia bila machozi, maana machozi nayo ni maji. Mama yao akamtazama mumewe. Akainamisha mtungi, halikudondoka hata tone.

Nguchiro akawafuata wakubwa wa makundi. "Jamani, mmoja wenu akubali kushindwa. Mdomoni tu. Walioshinda wanywe, kisha wawapitishie walioshindwa. Tumalize."

Korongo akarefusha shingo. "Mimi niseme Mkeka ni bora? Afadhali nife."
Ngiri akapiga kwato. "Na mimi niseme Lulu? Nizikeni."
"Na wanangu je?"
Korongo akamtazama kwa jicho moja. "Kwani wanao wanatumia simu gani, fundi?"

Nguchiro akachoka. Safari hii akachoka kweli, uchovu ule wa kwenye mifupa.

Akashuka bwawani. Njia nzima anatafuta uongo wa kumdanganya Kiboko, haupati. Alikuwa amechoka mno hata kutunga uongo. Alipofika ukingoni akasema yaliyokuwepo.

"Bwana Kiboko, wewe ndiye mwamuzi wa simu. Umewahi kushika hata moja?"

Masikio ya Kiboko yakatokeza juu ya maji. "Sijawahi."
"Basi utaamuaje?"
Kiboko akafikiri. Kufikiri kwake kulichukua muda. "Nileteeni zote mbili. Ile Lulu nzuri kabisa na ule Mkeka mzuri kabisa. Nikishazishika zitakuwa zangu."
"Nitakuletea. Lakini nakwambia wazi, simu zikipata mmiliki mpya nazifuta zote mbili, na simu iliyofutwa haiwaki vizuri mpaka isasishwe."
"Isasishwe ndiyo nini?"
"Ivute akili mpya kutoka hewani. Na hapa bwawani hewa hiyo haipo. Kupiga unapiga, lakini mtandao wa kuvuta unashika kule juu ya kilima tu."
"Hmm."
"Na kule juu ni jua tupu. Ngozi yako hiyo itaungua."
"Hmm!"
"Na lazima usimame umeinua mikono yote miwili. Ukishusha, mtandao unakata, simu inaanza upya. Mimi ningekuwa wewe nisingekwenda."

Kiboko akacheka mpaka maji yakamwagika. "Nguchiro, Nguchiro! Mjanja wewe! Unanitisha ili simu zibaki kwako, eti? Zilete!"

"Nimekwambia ukweli."
"Zilete, nimesema!"

Nguchiro akaenda kwa Korongo. Korongo, aliyekataa kutoa neno moja kwa ajili ya maji, akatoa simu nzima. "Mpelekee! Akiionja Lulu mara moja tu, Mkeka basi!" Ngiri naye akatoa yake, akaifuta kwanza kwenye manyoya. "Mpelekee! Leo watatutambua!"

Kiboko akatoka majini, chwaaa! Akapanda kilima, di! di! di! Akasimama kwa miguu ya nyuma, mkono huu Lulu, mkono huu Mkeka, kaziinua juu kama anayeomba mvua. Kwenye kila kioo ukatokea mstari mwembamba.

"Mstari ukijaa ndiyo tayari," Nguchiro akasema. "Utachelewa."
"Nitangoja."

Mstari ukasogea, kidogooo. Ukasimama. Ukasogea, kidogooo. Ukasimama. Jua likawaka. Kiboko akatoa jasho jekundu.

Nguchiro akakimbia bwawani. Wanyama wote wapo ukingoni, maji yanawaangalia, nao wanayaangalia.

"Kunyweni!"
"Nani kashinda?" akauliza Ngiri.
"Mstari haujajaa."
"Basi hatunywi. Tukinywa sasa, huyu atasema ameshinda."
"Na sisi hatunywi," akasema Korongo. "Tunataka ushindi wa halali."

 Nguchiro akatoa kitochi chake cha mpira, akambipu mkewe. Ti! Akakata. Kubipu mara moja kwao ni "njoo", mara mbili ni "usije". Mama akaja na watoto. Watoto hawana simu, hawana kundi. Hawakuuliza kitu. Wakatumbukiza vichwa, gugugu, gugugu, gugugu. Yule mdogo akanywa, akapiga chafya, akanywa tena.

Sauti hiyo ilimshinda Ngiri. "Naonja tu," akasema. Korongo akaona Ngiri anaonja, akatumbukiza shingo yote. Ikawa gugugu bwawa zima.

Kiboko akasikia kule juu. Akageuza kichwa, mikono hewani. "Nani anakunywa maji yangu?"
"Sisi!" Nguchiro akamjibu. Ndiyo tabia yake.
"Nakuja!"
"Njoo! Ila ukishusha mikono mstari unarudi mwanzo!"

Kiboko akatazama Lulu. Lulu ilikuwa nusu. Akatazama Mkeka. Mkeka ulikuwa karibu na nusu. Akameza mate. Hakushusha.

"Sasa chimbeni," Nguchiro akasema. "Huyu hatakaa huko siku zote."

Ngiri akachimba mfereji kwa meno, Korongo akang'oa magugu mbele yake, wakishindana nani anatangulia, na kwa mara ya kwanza ushindani wao ukafaa kitu. Maji yakateremka, shwaaa, mpaka kwenye ufa wa mawe, mwembamba, mrefu, wenye kina. Ngiri anapita kwa kujibana. Kiboko hapitishi hata pua.

Na kule juu mstari ukasogea, kidogooo. Ukakaribia mwisho. Kiboko akashusha pumzi. Mara, ti! Lulu giza. Ti! Mkeka giza. Chaji imekwisha zote mbili.

Kiboko akateremka, di di di di! Akajitupa bwawani. Pwata! Tope.

"Umenidanganya!"
"Wapi?" Nguchiro akauliza. "Nionyeshe neno moja."

Kiboko akatafuta, hakuliona. Mgongo wake umebabuka, mikono imekufa ganzi, ukoo wake uko mto wa mbali usiokauka. Akaziweka zile simu chini taratibu, akaanza safari. Alipofika mbali kidogo akageuka.

"Lakini fundi," akasema, "ile Lulu ilikuwa mbele."

Korongo akaruka juu. "Mmesikia? Mmesikia jamani?"
"Mbele wapi?" Ngiri akang'aka. "Mkeka ulianza nyuma kwa sababu mkono wake wa kushoto ni mfupi!"
"Kubali, mtani!"
"Nizikeni!"

Maji yanapita katikati yao, hakuna anayeyaangalia. Nguchiro akajaza mtungi, akamtwika mkewe, akambeba yule mdogo mgongoni, akaondoka. Huku nyuma wanamwita, "Fundi! Fundi, wewe uko upande gani?"

Akazidi kwenda. Alikuwa amekwisha kwa uchovu.

Mzigo wangu nimeutua hapa, anayeutaka aubebe.

Mnataka funzo? Funzo ni kwamba mwenye Lulu ni bora kuliko mwenye Mkeka. Nani huyo ananguruma kule nyuma? Basi mwenye Mkeka ni bora kuliko mwenye Lulu. Chagueni, mgombane vizuri, maji yatangoja.

Haya, washeni simu zenu. Mimi nakwenda kulala.