Mwalimu Aliyevua Raba

Soma kisa hiki taratibu, kisha umpelekee yeyote mwenye watu chini yake.

Katika nyanda za juu za Mbulu aliishi mwalimu wa mbio aitwaye Margwe. Ujanani alikuwa mkimbiaji hodari, na mbio zake zote alizikimbia pekupeku. Alikwenda shule pekupeku, akachunga ng'ombe pekupeku, na hata siku alipokuwa mshindi wa mkoa hakuwa na kiatu mguuni. Kila mgeni aliyefika kwake alisimuliwa habari hiyo.

Mkewe alikuwa ameshafariki, na watoto walikuwa mbali mjini. Watu pekee aliozungumza nao walikuwa wakimbiaji saba waliokuja kila asubuhi kufanya mazoezi kwenye uwanja wa shule.

Jumatatu moja aliwaambia, "Raba zimewalegeza. Kuanzia leo kila mtu avue. Mguu unaogusa ardhi ndio unaojua kukimbia."

Wakatazamana. Kati yao alikuwamo Natalia Akonaay, binti mwenye kasi kuliko wote. Baada ya wiki sita alitakiwa kwenda kwenye mashindano ya taifa.

Akasema kwa upole, "Mwalimu, tungeanza na mzunguko mmoja kwenye nyasi. Mimi tangu nianze mbio sijawahi kukimbia bila raba."

"Mimi nani alinianzishia kwa mzunguko mmoja?" akajibu Margwe.

Basi wakakimbia kilomita kumi na mbili kwenye barabara ya changarawe, na kesho yake vilevile. Wiki ya kwanza malengelenge yalipasuka, wawili hawakurudi. Wiki ya pili wakaondoka wanne. Natalia alibaki peke yake, kwa sababu alimheshimu mwalimu wake kama baba.

Wiki ya tatu, kwenye mteremko wa kushukia mnadani, alisimama ghafla. Akakaa chini, asiweze kunyanyuka. Hospitalini wakasema mfupa wa mguu umepata ufa. Mguu ukafungwa hogo la plasta, na mashindano ya taifa yakampita.

Asubuhi iliyofuata Margwe alifika uwanjani kama kawaida. Hakuja mtu. Alingoja mpaka jua likakausha umande. Keshoye vivyo hivyo, na keshokutwa yake. Aliwasikia watu wakisalimiana barabarani, ng'ambo ya ua wa minyaa, lakini hakuna aliyegeuza shingo kumtazama. Nyumbani alishinda bila kutamka neno, hata jioni alipowaita kuku wake alishtuka kusikia sauti yake mwenyewe.

Siku ya tisa akasema moyoni, "Nitawaonyesha. Wakiniona mimi, mtu wa miaka hamsini na minane, nakimbia pekupeku, wataona haya na watarudi."

Akavua raba zake, akaziacha chini ya goli, akaingia barabara ile ile.

Hakumaliza hata kilomita moja. Changarawe zilimchoma, vigimbi vikakaza, pumzi ikamwishia. Akakaa kando ya njia, akageuza unyayo wake akautazama. Ulikuwa laini, umechubuka, unavuja damu.

Ndipo alipohesabu. Ilikuwa imepita miaka ishirini na tisa hajakanyaga ardhi bila kiatu. Asubuhi zote zile alizowaamuru wenzake wavue, yeye alikuwa amesimama pembeni akipuliza filimbi, raba miguuni. Wala hakuwa amewahi kujiuliza.

Hakurudi nyumbani. Alichechemea hadi kwa kina Natalia. Mama wa binti alimfungulia mlango, akaitazama ile miguu, asimkaribishe kiti.

"Shikamoo, mwalimu," akasema Natalia, mguu wake umenyooshwa juu ya kigoda.

"Marahaba. Natalia, nimekuumiza, nimekuja kukuomba radhi. Mguu wangu ulijengwa tangu naanza kutembea, nami nikataka wako ujengwe kwa wiki tatu. Leo nimejaribu mwenyewe. Sikumaliza hata kilomita moja."

Natalia akaitazama miguu ya mwalimu inayovuja damu.

"Kwa hiyo kukimbia pekupeku hakufai?"

"Kunafaa. Mguu unajifunza kutua kwa wepesi. Ila unaanza na dakika tano kwenye nyasi, na asiyetaka anabaki na raba zake. Uliniambia, sikukusikia."

"Mashindano hayatarudi, mwalimu."

"Najua."

Natalia hakumwambia kwamba amemsamehe. Margwe akaaga, akaondoka.

Tangu siku hiyo alikwenda uwanjani peke yake. Dakika tano pekupeku kwenye nyasi, kisha anavaa raba na kurudi nyumbani. Baada ya wiki mbili, dakika sita. Watu walidhani mzee amechanganyikiwa. Mvua za masika zikaja zikapita, na hakuwa na wa kumwambia kuwa sasa unyayo umeanza kuwa mgumu.

Asubuhi moja, mwezi wa Juni, alisikia hatua nyuma yake. Natalia alikuwa amesimama kwenye nyasi, raba zake mkononi.

"Leo unakimbia dakika ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mimi natembea mbili tu."

"Zinatosha."

Margwe akapunguza mwendo, wakatembea sambamba. Wale wengine hawakurudi kamwe.

Funzo: Kilichokujenga wewe kidogo kidogo kitamvunja mwenzako ukimtwisha kwa siku moja. Usimwamuru mtu kupita njia ambayo nyayo zako mwenyewe zimeshaisahau.